UZI: Tumempeleka bi mkubwa kula kwenye kijiji cha "Harambe" kule Disney Florida, vibao vyote Kiswahili

Mwana_wa_Mtoni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke aende kwenye maswali ya bei huko chini.

Niko Houston na familia. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Pangani, Tanga, na watoto walikuwa wameshikilia Disney, Disney, Disney tangu mwaka juzi, basi mimi na mke wangu tukakaa tukapiga hesabu tukaona bora tuunganishe safari, bibi aone Florida na wajukuu wapate walichokuwa wanakililia. Disney kule Orlando wana bustani nne, sisi tukachukua tiketi ya siku moja tu, Animal Kingdom, ile ya wanyama, maana bi mkubwa alishasema mapema mambo ya kubingirishwa hewani yeye hayamo.

Sasa ndani ya hiyo bustani kuna upande wa Afrika na wamejenga mji wa kubuni unaitwa Harambe. Upo tangu bustani inafunguliwa, tarehe 22 Aprili 1998. Mimi kichwani nilitegemea kibanda cha makuti na ngoma mbili. Kumbe ni mji kabisa, kuta zimebanduliwa chokaa makusudi zionekane za zamani, mabango ya kupakwa rangi kwa mkono, matangazo yamebandikwa juu ya matangazo mengine kama stendi. Na Kiswahili kila kona. Hoteli Burudika. Tamu Tamu. Mama yangu akasimama katikati ya njia watu wanatupita na vigari vya watoto, akaanza kusoma kwa sauti, kibao kimoja kimoja, polepole, kama anavyosoma barua.

Hapa ndo nataka mnielewe. Binti yangu mdogo ana miaka sita. Nyumbani ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, anaelewa lakini hajibu, tumembembeleza tumechoka. Kwake yeye Kiswahili ni lugha ya bibi kwenye simu. Siku ile akaona mji mzima umeandikwa na kwenye familia yetu anayesimama kuusoma ni bibi, na watu baki wanapita hawajui hata pa kuanzia. Akamshika bibi khanga. "Bibi, hii je? Na hii?" Kila kibao. Bibi anasoma, yeye anarudia. Mke wangu akaniangalia, sikuweza kusema kitu.

Tukafika kwenye mgahawa, Tusker House, tulikuwa tumebuku chai ya asubuhi. Ni bafe, unajipakulia mwenyewe, na ukiwa umekaa wanapita wale katuni wao, Mickey, Donald, Daisy na Goofy, wamevaa nguo za safari, wanakuja mezani kwako mnapiga picha. Donald alipofika mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "huyu bata ni mkubwa au kijana?" anataka kujua amsalimie vipi. Nikamwambia mama huyo yupo tangu wewe hujazaliwa. Akampa mkono kwa heshima zote, na yule bata akainama. Picha hiyo sasa hivi iko ukutani Pangani.

Chakula: mayai, soseji, viazi vya viungo, matunda, zile wafo, vikeki bapa vyenye masikio ya Mickey, ambazo watoto hawakutaka kitu kingine. Kuna juisi wamechanganya pasheni, chungwa na pera, mama alipoionja tu akasema "mapera haya!" akamaliza glasi tatu. Chai wanaleta maji ya moto na kipakti, mke wangu akamwomba mhudumu maziwa ya moto pembeni akaleta bila neno, ikawa chai.

Mlangoni kijana aliyetupokea alisema "Jambo!" kama anavyowaambia wote. Mama akajibu "Sijambo mwanangu, habari za asubuhi, umeamkaje, wazee hawajambo?" Kijana akabaki anatabasamu, hana cha kuendelea nacho. Mama hakumcheka. Akamfundisha palepale, ukiniona mimi mtu mzima sema shikamoo, mimi nasema marahaba. Tukiwa tunakula yule kijana alirudi mezani mara mbili kuuliza ile ya mwisho inatamkwaje.

Tulipotoka nje ndo ikatokea ambayo sikuitarajia. Chini, pale tunapokanyaga, wameandika UHURU 1961. Mama akasimama tena. Maandishi haya hakumsomea mtoto. Alisema tu "mwaka wetu huo." Mwaka 1961 mama alikuwa mtoto wa miaka tisa, anakumbuka walivyokesha, anakumbuka habari za mwenge kuwashwa juu ya Kilimanjaro usiku ule wa Desemba, anakumbuka nguo aliyovaa. Akamsimulia mjukuu wake hapohapo kwa Kiswahili, dakika kama kumi, juani, na mtoto akasikiliza mpaka mwisho.

Naomba wale wenye watoto huku nje mchangie. Mmekula sehemu kama hizi? Mlijisikiaje?

Mkwezi_Mnazi

Mkuu hongera sana kwa kumtembeza mama. Swali la kijinga samahani, inagharimu kiasi gani na mnabuku wapi? Na sisi waislamu tunakulaje hapo? Nina wazazi wanakuja Desemba In Sha Allah.

Mwana_wa_Mtoni

Mkwezi_Mnazi swali la maana hilo. Bei za Tusker House zinabadilika, lakini sisi asubuhi tulilipa zaidi ya dola 40 kwa mtu mzima, mchana na jioni ni juu zaidi. Mtoto wa miaka 3 hadi 9 analipa bei ya mtoto, akifika 10 wanamhesabu mtu mzima, chini ya miaka 3 anakula bure. Sisi watano, wakubwa watatu na watoto wawili, pamoja na kodi na bakshishi imepita dola 200. Na hapo hujaweka tiketi ya kuingilia, maana mgahawa huu uko ndani ya bustani, huwezi kula bila tiketi. Mkiwa watu sita au zaidi bakshishi ya asilimia 18 wanaiweka wenyewe kwenye bili, usije ukalipa mara mbili bila kujua.

Kubuku ni siku 60 kabla, kwenye tovuti yao au programu ya simu, alfajiri saa za kule Florida. Ukichelewa nafasi za asubuhi zinaisha. Wanachukua namba ya kadi, usipotokea wanakata dola 10 kwa kila kichwa, kwa hiyo ukibadili mawazo ghairi mapema.

Nyama sasa. Kwenye bafe la asubuhi kuna nguruwe, usifiche mambo, mwambie mhudumu ukishakaa kwamba kuna vitu huli, mpishi anatoka jikoni anazunguka na wewe sahani kwa sahani anakwambia hiki ndiyo, hiki hapana. Kwetu alitoka mwenyewe. Mama alikula mayai, viazi na matunda akashiba.

Kitu kingine, kwenye bustani zao unaruhusiwa kuingia na chakula chako, mradi si chupa za kioo wala pombe. Mchana sisi tulikula maandazi na chapati za mke wangu tumekaa kivulini. Na maji baridi ya bomba ukienda kwenye vibanda vyao vya chakula wanakupa bure, usinunue chupa.

Bintiamu

Mimi ni mtu wa Amu, Lamu kwa wengine. Nimesoma uzi huu nikatulia kabla ya kujibu kwa sababu una uzito kwangu.

Wale waliobuni Harambe walikuja pwani kwetu wakatazama, na mji walioutazama zaidi ni Lamu. Ukisimama pale kwenye ngome yao utajua, mimi nilijua kabla sijaambiwa. Ngome yetu ya kweli ilijengwa kati ya 1813 na 1821, nimecheza mbele yake utotoni, soko liko pale pale ubavuni. Kwa hiyo nilipoenda nilikuwa kama mtu anayeona picha ya nyumba yao kwa jirani. Furaha ipo, sikatai. Lakini nilishinda pale kutwa nzima na sikusikia adhana. Mji wa Waswahili, adhuhuri imepita, alasiri imepita, kimya. Hakuna harufu ya bahari. Hakuna punda anayekusukuma ukutani kwenye kichochoro. Mji wa mawe wa Lamu uliingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001 kwa sababu watu bado wanaishi ndani yake, wanaswali ndani yake, wanazikana. Hilo halijengeki kwa chokaa.

Na jina lenyewe. Harambee ina e mbili jamani. Ni wito wa kazi, watu wanavuta kitu kizito pamoja, Mzee Kenyatta akaufanya wito wa nchi. Ukikata e moja umekata pumzi ya neno.

Mwana_wa_Mtoni hili silisemi kukuvunja moyo. Habari ya mama yako na 1961 imenitoa machozi. Nasema tu kwamba mtu akimpeleka mtoto pale, amwambie pia kwamba mji huu upo, una jina, na ndege inafika.

Mwana_wa_Mtoni

Bintiamu umesema kweli tupu na nakushukuru. Hiyo e moja mama aliiona kabla yangu, alisema "wamesahau herufi." Adhana sikuifikiria hata kidogo mpaka umesema, na sasa naikosa kwenye kumbukumbu zangu za siku ile. Nitamwambia mtoto habari ya Lamu, nakuahidi.

Kichwa_Maji_Moto

Mimi niko tofauti kidogo wakuu. Dola 200 chai ya asubuhi? Kuangalia Afrika ya saruji Florida? Hiyo hela weka, ongeza, peleka watoto Mikumi wakaone tembo wasiokuwa na ratiba, wakale ugali samaki Pangani kwa bibi yao mwenyewe, bibi hana haja ya kupanda ndege masaa ishirini kwenda kusoma Kiswahili ukutani. Tunawatajirisha watu kwa maneno yetu wenyewe.

Mwana_wa_Mtoni

Mkuu Kichwa_Maji_Moto, Mikumi tutakwenda, Mungu akipenda. Lakini nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, likizo ya kazi mbili tofauti, shule, makaratasi ambayo mengine humu mnayajua bila mimi kuyataja, si kitu unaamka asubuhi unafanya. Mama alipata viza, mama ndo akaja. Nilichokipata pale ni mtoto wa miaka sita kuuliza "bibi hii inasemaje" mara arobaini kwa siku moja. Ningelipa tena.

Otis_Atlanta

Wadau, Mkenya hapa. Mimi na familia tumeenda mara tatu na nitawaambia siri moja: msing'ang'anie ndani ya bustani. Kuna hoteli yao karibu na hapo, Animal Kingdom Lodge, ilifunguliwa 2001, na migahawa yake haihitaji tiketi ya bustani. Ukiwa umebuku meza unaruhusiwa kuegesha gari pale. Majina yote ni yetu: Boma, Jiko, Sanaa. Majengo mawili, moja Jambo House, lingine Kidani Village. Hata mbuga za wanyama zilizozunguka zina majina, Arusha, Uzima, Pembe. Mtoto wangu alijifunza maana ya kidani pale, sasa kila mkufu anaoona ni kidani.

Boma ni bafe, limejengwa kama soko chini ya paa la makuti, wapishi wanapika mbele yako. Usitegemee chakula cha Mombasa, wamechota bara zima. Kuna bobotie ya Afrika Kusini, nyama ya kusaga na mayai juu, kuna pap ambayo ni ndugu wa ugali mlaini, supu za maboga tamu sana. Na zile keki ndogo za duara zenye mistari kama pundamilia zina kahawa na Amarula ndani, yaani pombe, wazazi na waislamu chungeni hapo.

Lakini mimi roho yangu iko Sanaa. Pale wamefuata njia ya viungo, chakula cha Kihindi na Kiafrika, na hilo ndilo Mombasa yenyewe ukifikiria. Agizeni ile sinia ya mikate, aina tano, naan za namna mbalimbali, kulcha ya vitunguu, paratha ya jibini, na vya kuchovea tisa. Chatini ya embe, chatini ya ukwaju, achari ya kitunguu saumu, jemu ya nyanya na tende. Mama mkwe wangu wa Old Town alikula kimya, na ukimjua ujue kukaa kimya kwake ni cheti. Halafu unainua macho dirishani twiga anapita. Twiga kweli, na pundamilia nyuma yake. Nendeni kabla jua halijazama, giza likiingia huoni kitu.

Wahudumu beji zao zimeandikwa walikotoka. Wetu alikuwa mdada wa Botswana. Anasema jambo siku nzima na kwao hawasemi jambo. Tukamuuliza kwao wanasalimiana vipi akasema "dumela," meza nzima tukamwitikia dumela mpaka tunaondoka, akafurahi sana.

Mama_Furaha_Maine

Aksanti kwa hii uzi. Miye ni mutu wa Bukavu. Tulienda kwa ile Boma na kanisa, tukaona kuna kitu banaita fufu. Ilikuwa ya viazi, haiko ya muhogo kama yetu. Lakini mama mukubwa mwenye tulikuwa naye, hajasema neno la furaha tangu tufike Amerika, aliposikia jina fufu alisimama mwenyewe kwenda kujipakulia. Alikula. Akasema haiko fufu. Akarudi kujipakulia tena.

Mzee_wa_Upanga

Vijana, kwa shikamoo zenu marahaba. Mimi nimestaafu, niko kwa mwanangu Tampa. Alinipeleka bustani yao nyingine, Hollywood Studios, kuna mgahawa unaitwa Sci-Fi Dine-In. Mnakaa ndani ya magari ya kizamani ya miaka ya 50, yamegeuzwa meza, ukumbi ni giza kama usiku wa nyota, na mbele kuna skrini kubwa inaonyesha vipande vya picha za zamani nyeusi na nyeupe. Mhudumu anakuletea chakula garini.

Wenzangu, nilikaa mle nikarudi Msasani. Dar tulikuwa na Drive-In yetu, wale wa rika langu mnaijua, mnakwenda familia nzima na gari la kuazima, mihogo ya kukaanga na kachumbari kwenye kikapu, watoto wamelala nyuma. Leo pale ulipo ubalozi wa Marekani ndipo palikuwa penyewe. Nikamwambia mwanangu, huu mgahawa mimi nimeshakula ndani yake, ila wetu ulikuwa na mbu na upepo wa bahari. Nilikula baga na maziwa ya kusukwa na nikaomba tukae kidogo.

Dada_Mwaju

Mzee wa Upanga umenikumbusha mbali, marehemu baba alikuwa anatupeleka!

Mimi yangu haikuwa nzuri. Bustani ya burudani ya jimbo jingine, mgahawa wa "Afrika", sitautaja. Tulibuku wiki tatu kabla, tulipofika wakasema jina halipo. Tulisubiri saa na robo na mtoto ana njaa, chakula kikaja baridi, na mhudumu alipojua natoka Tanzania akaniomba niimbe kitu mbele ya meza nyingine. Nilikataa. Nilisema mimi ni mteja, nimelipa. Ndiyo maana nimesoma habari ya yule kijana wa mlangoni kwa bi mkubwa nikafurahi, maana yeye aliuliza ili ajifunze. Vitu viwili tofauti hivyo.

Ushauri: pigeni picha ya ukurasa wa kuthibitisha buku yenu na namba yake. Msitegemee jina tu, majina yetu wanayakosea.

Mkwezi_Mnazi

Nimepata kila kitu, asanteni sana wote. Swali la mwisho, wazazi wangu wana miaka 70 na kitu, kutembea je? Na ile safari ya wanyama ndani ya bustani, inawezekana kwa mtu mzima mwenye mgongo?

Mwana_wa_Mtoni

Kutembea kupo na jua la kule ni kali, chukueni kiti cha magurudumu cha kukodi hata kama mzee anakataa, baadaye mchana atakikalia mwenyewe. Safari inaitwa Kilimanjaro Safaris, inaanzia pale pale Harambe, mnapanda lori la wazi kama dakika 20, njia imetiwa mabonde makusudi na inatikisa. Mama aliketi katikati ya benchi ameshika chuma, akatoka salama, lakini mwenye mgongo wa kuuma kweli asipande, awasubiri kivulini. Sisi tulikwenda mara tu baada ya chai, asubuhi wanyama bado wanazunguka, mchana wanalala kama kwetu tu.

Na kabla sijasahau, baada ya safari mama aliona kibao cha Dawa Bar ubavuni mwa mgahawa akafurahi, akaniambia nimnunulie panadol, kichwa kilikuwa kimeanza na jua. Nikamweleza hiyo ni baa, dawa ni jina la kinywaji cha Nairobi, ndimu na asali na vodka. Akasema basi wamtengenezee ya ndimu na asali tu. Na walimtengenezea. Mwambieni mzee wenu aombe hivohivo.

Otis_Atlanta hiyo sinia ya mikate nimeiandika. Bintiamu, jana usiku nilimwonyesha mtoto picha za Lamu. Akaniuliza kwa Kiswahili, "huko vibao anasoma nani?"